Ngoma Zilizosubiri Mgeni Rasmi: Uchambuzi wa Kisa cha Tamasha la Kijiji, Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Oktoba ndio wakati wa shughuli Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mvua zilizoanza Novemba au Desemba zinakuwa zimekatika kufikia Mei, barabara za udongo zinapitika, mahindi yanaingia ghalani na mkononi kuna pesa kidogo. Harusi, vipaimara, bonanza za mpira, kwaya na ngoma, vyote vinagombea Jumamosi zile zile. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha siku moja ya namna hiyo. Kijiji hakitajwi jina kwa sababu kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kijiji hadi kijiji, ili kamati yoyote inayoandaa tamasha ijikague ndani yake. Hesabu za umeme, sauti na chakula zinaweza kuchukuliwa kama zilivyo na kutumika.

Siku ilivyokwenda

Kijiji kiko mkoa wa Njombe, mwinuko wa mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kamati ilipanga tamasha la siku moja, Jumamosi ya mwisho ya Julai, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Vikundi sita vilialikwa: kwaya mbili za makanisa ya kata, ngoma ya akina mama wenyeji, vijana wa bongo fleva na DJ wao, ngoma ya kioda ya akina mama 18 kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, na mganda, ngoma ya gwaride inayoimbwa kwa vibuyu, ya wanaume 24 kutoka huko huko ziwani, wilaya ya Ludewa. Mganda ndio uliotangazwa kwenye mabango na kwenye gari la matangazo wiki nzima. Watu walikuja kwa ajili ya mganda.

Ratiba ilisema: watu kukusanyika saa 4 asubuhi, mgeni rasmi saa 5, vikundi kuanzia saa 6 hadi saa 11, kisha zawadi na kufunga. Wageni wa ziwani waliondoka kwao usiku wa manane kwa kosta mbili, wakafika saa 3 asubuhi. Saa 5 uwanja umejaa. Mgeni rasmi, aliyekuwa na kikao kingine mjini, alifika saa 8 na dakika 20. Muda wote huo hakuna kikundi kilichoruhusiwa kugusa uwanja, kwa kuwa shughuli haiwezi kuanza kabla ya mgeni. DJ aliwachezesha watu nyimbo za kwenye simu. Baadaye zikafuata utambulisho, risala, hotuba, harambee na chakula cha meza kuu. Kikundi cha kwanza kiliingia saa 10 na robo.

Hapo mshereheshaji akaugawa muda uliobaki: dakika nane kila kikundi. Kwaya ya kwanza iliimba wimbo mmoja na kipande. Kioda kilikatizwa pale pale akina mama walipoanza kukolea. Mganda uliitwa saa 11 na dakika 50. Wachezaji walikuwa wamekaa tangu asubuhi na kaptula zao nyeupe na soksi ndefu, upepo wa Julai unawapiga magotini. Jukwaa la mbao, mita 5 kwa 4, halikuwatosha. Nusu walipanda, nusu walibaki chini, mistari ikavurugika. Jua likakaribia kuzama, taa mbili za halojeni zikawashwa. Saa 12 na dakika 35 mhudumu wa meza kuu alichomeka birika la umeme kwenye ekstensheni ya jukwaani ili wageni wapate chai ya moto. Spika zikakatakata, taa zikafifia, jenereta ikazima. Ilipowashwa tena, mixa haikuwaka. Watu wakaanza kuondoka, wenye watoto wadogo kwanza.

Usiku ule ule ukazuka ugomvi wa posho. Vikundi vyote vililipwa sawa, wa jirani na wa ziwani, na nauli iliyoahidiwa kwamba "itaangaliwa" haikuangaliwa. Madereva wa kosta walikataa kuteremka milima ya Ludewa gizani, na walikuwa sahihi. Watu zaidi ya arobaini walilala kwenye sakafu ya saruji darasani, blanketi hazitoshi, mahali ambapo usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10.

Kikao cha tathmini kiliandika sababu moja: jenereta mbovu. Hilo ndilo tunalolipinga. Jenereta ilifanya kazi yake mpaka pale ilipobebeshwa isichokiweza. Na hata kama ingewaka hadi alfajiri, tamasha lilishaharibika tangu saa 5 asubuhi, pale uwanja uliojaa watu na wachezaji waliokwisha kuvaa ulipoambiwa usubiri. Kila kitu siku ile kilipimwa kwa meza kuu: saa ya kuanza, ukubwa wa jukwaa, chai, mgawanyo wa fedha. Ngoma ilipewa kilichobaki.

Jua halimsubiri mtu

Mwishoni mwa Julai, upande wa Njombe, jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama kama saa 12 na dakika 40 jioni. Kiza kinaingia haraka. Baada ya dakika ishirini na kitu huoni uso wa mtu. Ubaridi unaanza kabla ya hapo, mara tu kivuli kinapoufunika uwanja, kwenye saa 11. Asubuhi nayo ina ukungu na umande, kwa hiyo saa za kuchezea nje ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Hizo ni saa nane. Katika kisa hiki saa sita na robo zilikwisha kabla kikundi cha kwanza hakijaingia.

Tuhesabu kazi yenyewe ilihitaji muda gani. Mganda si wimbo wa dakika tatu. Kuna kuingia kwa gwaride, mtindo uliotokana na mazoezi ya askari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kuna kupanga mistari, kuna kubadilisha nyimbo kwa ishara ya kiongozi, na vibuyu havianzi kuimba vizuri mpaka wachezaji wapate joto la mwili. Chini ya dakika 40 hujauona. Kioda kipewe dakika 30, ngoma ya wenyeji 30, kila kwaya 20, vijana wa bongo fleva 45. Jumla ni dakika 185. Weka dakika 10 za kubadilishana kati ya kikundi na kikundi, mara tano, unapata dakika 235, yaani saa nne kasoro dakika tano. Kazi yote ingeisha nusu siku, na mganda ungerudi mara ya pili jioni kabla ya jua kuzama.

Tatizo la mgeni rasmi linatatulika bila kumvunjia mtu heshima. Mwenyekiti wa kijiji na wazee ndio wafungue uwanja saa 4. Mgeni rasmi aalikwe kufunga, na barua imweleze wazi, kwa mfano: "Vikundi vitaanza saa 4:00 asubuhi. Tunakuomba ufike saa 8:00 mchana ili ushuhudie ngoma mbili, kisha utupe nasaha zako kwa dakika ishirini." Akichelewa, vikundi vinaendelea. Akifika, kikundi kilichopo uwanjani kinamaliza, anapokelewa kwa ngoma, anakaa. Viongozi wengi wanaona hivyo ni bora zaidi kuliko kushuka kwenye gari na kukuta watu elfu wamenuna. Risala iwe ukurasa mmoja. Harambee, kama lazima iwepo, ifanyike wakati wa chakula cha mchana, vyombo vikigongana, na isile muda wa ngoma.

Tarehe nayo ina hesabu zake. Wiki ya kwanza ya Agosti usiiguse: maonyesho ya Nane Nane, yakiwemo ya viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, yanachukua maturubai, spika, magari na maofisa wa halmashauri wote kwa pamoja. Jumamosi inawaacha nje Wasabato mpaka jua lizame, kwa hiyo kama kuna kwaya yao mnayoitaka, kaeni nao mapema. Jumapili uwanja haujai kabla ya saa 7, ibada ndefu. Siku ya mnada wa kata inafaa kuliko watu wanavyodhani, maana usafiri upo na watu wameshatoka majumbani.

Jenereta ya kilovolti-ampea 5 mlimani si 5

Hapa ndipo kamati nyingi zinapoteza pesa, kwa hiyo twende polepole.

Jenereta iliyokodiwa ilikuwa ya petroli, imeandikwa kVA 5. Kwa jenereta za aina hii unazidisha kwa 0.8 kupata kilowati: kW 4. Angalia pia kibandiko vizuri, kwa sababu zina namba mbili: kubwa ni ya kiwango cha juu inachoweza kuhimili kwa muda mfupi, ndogo ndiyo ya kazi ya kudumu. Hesabu kwa ndogo.

Halafu kuna mwinuko. Hewa ya mlimani ni nyepesi, injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inavuta oksijeni kidogo, na nguvu inapungua kwa takriban asilimia 1 kila mita 100 unazopanda. Kwenye mita 2,000 umepoteza kama asilimia 20. Ile kW 4 imebaki kW 3.2. Jenereta hiyo hiyo ikipelekwa Kyela au mwambao wa ziwa, kwenye mita 475 hivi, itabeba mzigo ambao Njombe inaukataa, ndiyo maana fundi aliyezoea kazi za bondeni anaapa kwamba mashine ni nzima. Dalili nyingine ya mwinuko ni moshi mweusi na plagi kujaa masizi: kabureta inaingiza petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Jenereta inayokaa milimani ifungwe jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ndogo zaidi, na ikirudi bondeni irudishiwe ya mwanzo, la sivyo injini itachemka.

Sasa mzigo wa siku ile. Amplifaya mbili zikipiga muziki wa kawaida zilivuta wastani wa wati 1,200, na zaidi kila besi inapogonga. Mixa, kompyuta na vikorokoro wati 200. Taa mbili za halojeni za wati 500, jumla 1,000. Hapo ni wati 2,400 kati ya 3,200, mzigo unaobebeka. Birika la wati 1,800 likaufikisha 4,200. Hakuna jenereta ya ukubwa ule inayostahimili hapo. Inapolemewa, mzunguko wa injini unashuka, volti zinayumba, kisha breka inakata. Kilichoua mixa ni huko kuyumba, na zaidi ya hapo ni kuwasha jenereta upya huku vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Utaratibu ni huu: umeme ukikata, zima amplifaya kwanza, zima mixa, chomoa kila kitu. Washa jenereta, iache inguruma dakika mbili tatu itulie, pima volti, kisha mixa, na amplifaya mwisho.

Waya nao ulikuwa na kesi yake. Jenereta iliwekwa mita 80 kutoka jukwaani ili kelele isisikike, jambo zuri, lakini kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Umeme unakwenda mita 80 na kurudi mita 80, na waya huo wa shaba kwa urefu huo una ukinzani wa karibu omu 1.9. Ampea 10 zikipita unapoteza volti 19 njiani: jenereta inatoa 230, jukwaani zinafika 211, na hapo birika bado halijachomekwa. Kwa waya wa 2.5 upotevu ni volti 11, kwa waya wa 4 ni 7. Kama ekstensheni imebaki imezungushwa kwenye kibiringo chake, ifungue yote hadi mwisho. Ikibaki imejikunja inapata moto na ganda linayeyuka.

Kwa tamasha la watu elfu moja kwenye mwinuko huo, chukua kVA 7.5. Baada ya 0.8 na mwinuko inabaki kama kW 4.8, nusu yake ndiyo utakayoitumia, na nafasi iliyobaki ni ya besi. Taa za halojeni ziachwe. Taa nne za LED za wati 50 zinamulika uwanja kwa wati 200 tu. Chai ya meza kuu ichemshwe jikoni kwa kuni na iletwe kwenye chupa za chai. Soketi za jukwaani zilindwe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumkatalia yeyote, hata mwenyekiti wa kamati. Petroli kadiria lita 2 kwa saa, dumu la lita 20 linatosha siku, na kujaza ni pale mashine imezimwa na imepoa. Panga ujazaji wakati wa chakula.

Uwanja, upepo na vibuyu

Jukwaa lilijengwa kwa ajili ya hotuba. Mganda wa watu 24 katika mistari mitatu, wanane kila mstari, nafasi ya mita 1.2 kati ya mtu na mtu, unahitaji upana wa mita 10 na kina cha mita 7, maana mistari inakwenda mbele na kurudi. Ngoma nyingi za huku ni za ardhini. Zinataka udongo mgumu, wala hazitaki mbao zinazodunda. Chora duara au mstatili wa mita 15 kwa 15, uzungushie kamba, watoto wakae mbele chini, wazee kwenye mabenchi nyuma yao, wengine wasimame. Jukwaa dogo libaki la kwaya, mshereheshaji na wageni.

Julai ni vumbi tupu. Eneo la mita 15 kwa 15 ni mita za mraba 225; lita moja kwa kila mita inatosha, yaani pipa moja la lita 200 na ndoo moja juu yake. Mwagia alfajiri, rudia saa 6. Usimwagie wachezaji wakiwa wanajipanga kuingia, tope la juu linateleza na mtu anayecheza gwaride akianguka anavunja mkono.

Kiangazi upepo huku unavuma zaidi kutoka kusini mashariki. Watu waliokuwa upande unaotoka upepo hawakusikia kitu siku ile, kwa sababu sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda juu na kuwapita kichwani. Kuongeza volyumu hakukusaidia, kuliifanya maiki ipige mluzi tu. Weka uwanja wa kuchezea na spika upande wa kusini mashariki, watazamaji wautazame huko: upepo unawaletea sauti, na jua la mchana, ambalo Julai liko upande wa kaskazini na jioni linaelekea magharibi, linakuwa mgongoni mwao. Spika zipande juu, kitako chake kiwe mita 2 kutoka ardhini, zipite juu ya vichwa. Kila umbali unapoongezeka maradufu sauti inapungua desibeli 6 hivi. Aliye mita 40 anapata desibeli 12 pungufu ya aliye mita 10, na vichwa vya watu vikiziba njia ndiyo anakosa kabisa.

Makosa makubwa zaidi yalikuwa kwenye maiki. Ngoma kubwa ya mganda iliwekewa maiki, vibuyu havikuwekewa. Ngoma ile inasikika nje hadi kitongoji cha pili bila msaada wowote. Kibuyu ndicho chenye sauti nyembamba: mchezaji anaimba ndani yake, utando mwembamba unaoziba tundu unatetemeka, na wimbo wote unapita hapo. Kikifunikwa na ngoma, mtazamaji anaona miguu tu, wimbo haupati. Weka maiki mbili kwenye stendi, kimo cha kifua, mita 1.5 mbele ya mstari wa kwanza, moja kushoto moja kulia. Ngoma usiipe maiki. Spika zisogezwe mita 3 mbele ya maiki zielekee kwa watu. Fanya majaribio asubuhi na wachezaji wenyewe. Fundi anayesema "haloo, moja mbili" hawezi kujua kibuyu kinahitaji kiasi gani.

Jambo moja la ngozi. Ngoma iliyowambwa ziwani kwenye joto ikipandishwa mlimani inalegea jioni unyevu na baridi vinapoingia, inatoa sauti ya boksi. Wapigaji wanajua dawa, moto. Kamati ndiyo iliyosahau kuwatengea. Hitaji ni fungu la kuni, sehemu ya wazi nyuma ya uwanja mahali moshi hauwafikii watu, ndoo ya mchanga pembeni na mtu wa kuangalia watoto. Ngoma inaoteshwa kwa mbali, inageuzwa geuzwa, mpigaji akiigonga kwa vidole mpaka aridhike. Kwenye baridi haikawii kulegea tena, kwa hiyo kikundi kiambiwe zamu yake robo saa kabla, na saa hiyo isibadilishwe. Mchana hatari ni kinyume chake: jua kali la kiangazi linakaza ngozi hadi inachanika, basi ngoma zifunikwe kwa kitenge kivulini. Zamu zilipovurugwa siku ile, wapigaji waliziotesha ngoma moto bure mara mbili.

Watu kwanza kwenye bajeti

Ukiangalia matumizi ya kamati, turubai, viti vya mapambo na meza kuu viliandikwa juu, vikundi viliandikwa chini kwa kilichobaki. Geuza karatasi. Anza na vichwa: nani anakuja, ametoka wapi, analala wapi, anakula mara ngapi, anarudi lini na kwa gari gani. Kwa wageni wa ziwani safari ya kupanda ni nusu siku na zaidi. Wafike Ijumaa jioni, wacheze Jumamosi, waondoke Jumapili asubuhi. Darasa mbili zifagiliwe, magodoro yaazimwe kwa kaya, blanketi mbili kwa kila mtu. Anayetoka kwenye joto la ziwa hawezi kulala na moja. Usafiri uwe kosta au basi dogo. Kupakia watu kwenye lori la mizigo ni kosa kisheria, na ajali za milimani zimeua wengi mno.

Chakula tuseme wanaolishwa mchana ni 150, wasanii, wapishi, mgambo na kamati wakiwemo. Mchele kilo 1 kwa watu 6, kilo 25. Maharage kilo 1 kwa watu 10, kilo 15. Chakula cha usiku cha wageni 44, madereva wakiwemo: unga wa ugali kilo 1 kwa watu 4, kilo 11. Chai ya asubuhi nusu lita kwa mtu, lita 22, sukari kilo 2 na nusu. Wachezaji wale angalau saa moja na nusu kabla ya kuingia uwanjani. Meza kuu na wachezaji wale chakula kimoja, kwa muda mmoja. Tunalisisitiza hili kwa sababu vikundi vinavumilia posho ndogo kuliko vinavyovumilia kuona sahani za wenzao.

Msitafute mapato kwenye pombe. Ulanzi msimu wake mkubwa ni wa mvua, mianzi michanga inapogemwa, kwa hiyo Julai kinachouzwa ni komoni na bia. Biashara hiyo ina kibali chake. Iwe mbali na uwanja wa shule, na ianze baada ya vikundi kumaliza.

Posho ilipwe kwa maandishi. Barua ya mwaliko itaje mambo matano: posho ya kikundi, nauli kwa gari lililokubaliwa, milo, malazi, na muda wa kucheza. Nauli ilipwe nusu kabla ya safari ili kiongozi asikope. Posho ikabidhiwe mchana, kabla ya zamu ya jioni, kiongozi na mweka hazina wa kikundi wasaini wote wawili. Na mashindano yaondoke. Kupambanisha kwaya na mganda kisha kumpa mmoja mbuzi ni kutafuta ugomvi. Hakuna jaji anayeweza kupima vitu viwili visivyofanana, na vikundi vya mganda vina ushindani wao wa asili ambao hauhitaji kuchochewa. Kama zawadi lazima ziwepo, kila kikundi kipewe kitu kile kile.

Vijana wa bongo fleva walizomewa na wazee siku ile bila kosa lao, kwa kuwa DJ alipewa saa za ngoma. Wana haki ya uwanja. Wapewe saa 9 alasiri, vyombo vikiwa vimepimwa na watu wamekwisha kula, halafu ngoma zifunge. Disko la usiku, likiwepo, liwe ndani ya ukumbi na lifungwe mapema. Usiku wa kiangazi hewa baridi inalala bondeni, hewa ya juu ina joto zaidi, na sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotea angani. Besi ambayo mchana inaishia uwanjani, usiku inafika zahanati iliyo ng'ambo ya bonde.

Vibali na picha

Barua ianzie kwa mtendaji wa kijiji, ipite kwa mtendaji wa kata, ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwa afisa afya wa kata. Anzeni mwezi mmoja kabla. Msisubiri majibu kwa simu, mtu aende ofisini. Afisa afya atauliza vyoo: tenga matundu ya wanawake mengi kuliko ya wanaume, weka ndoo za maji zenye koki na sabuni, na taa ya LED moja iende huko. Muziki uliorekodiwa unaopigwa hadharani unahitaji leseni, hata kama unatoka kwenye simu ya DJ.

Kuna jambo moja ambalo kamati ya kisa hiki haikulifikiria kabisa. Watu watatu wenye kamera walirekodi mganda na kioda, vipande vikaenda mtandaoni wiki ile ile, jina la kikundi halikuandikwa popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo si suala la adabu peke yake. Kabla ya zamu ya kwanza, mshereheshaji amuulize kiongozi wa kila kikundi mbele ya watu kama anakubali kurekodiwa na kwa masharti gani. Wenye kamera waandikwe majina mezani, wapewe karatasi yenye jina sahihi la kikundi, kijiji na wilaya kinakotoka, na kikundi kipelekewe nakala ya picha zote kwenye flashi kabla kosta haijaondoka Jumapili asubuhi.